Seli isiyosikia na majirani wanaosikia: kisa cha TGF-beta katika saratani ya utumbo mpana

Saratani ya utumbo mpana haiui watu wengi kwa uvimbe ulio tumboni. Uvimbe huo ukiwahiwa, daktari wa upasuaji huukata, huunganisha utumbo, na mgonjwa hurudi nyumbani. Kinachoua ni kile kilichoondoka kabla ya kisu kufika: seli chache zilizopenya kwenye damu, zikafuata mshipa mkubwa unaotoka utumboni kwenda kwenye ini, zikatua huko na kuanzisha uvimbe mwingine. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.9 duniani waligundulika na saratani ya utumbo mpana na puru, na zaidi ya 900,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Ni saratani ya tatu kwa wingi wa wagonjwa na ya pili kwa vifo. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hugundulika ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na mara nyingi ini ndilo kituo cha kwanza.

Kwa hiyo anayeuliza saratani hii inasambaaje anauliza habari ya kufa na kupona. Kwa miaka mingi swali hilo lilielekezwa upande mmoja tu: seli ya saratani imebadilika nini hata ikaweza kusafiri? Kisa ninachokichambua hapa ni jinsi sehemu kubwa ya jibu ilivyopatikana kwa mhusika mwingine kabisa, yaani seli za kawaida zinazouzunguka uvimbe. Hizo hazina saratani. Wataalamu wa patholojia walikuwa wakiziona kila siku chini ya hadubini na kuzipita. Kazi kubwa ilifanyika Barcelona, kwenye maabara ya Eduard Batlle katika taasisi ya utafiti iitwayo IRB, kati ya mwaka 2012 na 2022. Na kipande kimoja muhimu cha ushahidi kilitoka Candiolo, pembeni ya jiji la Torino nchini Italia, kwa timu ya Enzo Medico.

Kitendawili

Ukuta wa ndani wa utumbo mpana umejaa vishimo vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni. Chini ya kila kishimo kuna seli mama zinazogawanyika mfululizo. Seli changa hupanda juu, hufanya kazi ya kufyonza maji na kutoa ute, na baada ya siku nne au tano hufa na kudondoka. Ni tishu chache mwilini zinazojifanya upya kwa kasi hiyo, na kasi ya namna hiyo haiwezi kuachwa bila breki. Mojawapo ya breki ni protini iitwayo TGF-beta. Seli ya ukuta inapoipokea kupitia kipokezi kilicho juu yake, hupata amri ya kuacha kugawanyika.

Saratani inaikwepa amri hiyo. Mwaka 1995 Sanford Markowitz wa Cleveland, Marekani, na wenzake walionyesha kwamba saratani za utumbo zenye kasoro ya kurekebisha DNA huharibu jeni ya kipokezi hicho, TGFBR2. Nyingine huacha kipokezi kikiwa kizima lakini hupoteza SMAD4, protini inayoubeba ujumbe kutoka kwenye kipokezi hadi kwenye kiini cha seli. Kwa njia moja au nyingine, saratani nyingi za utumbo mpana zilizokomaa hazisikii tena TGF-beta.

Hapo ndipo jambo lilipokataa kukaa sawa. Wagonjwa ambao uvimbe wao umejaa TGF-beta ndio wanaorudiwa na ugonjwa baada ya upasuaji. Kama protini hii ni breki, wingi wake ungekuwa heri kwa mgonjwa. Na kama seli ya saratani haiisikii, wingi wake usingekuwa na faida wala hasara. Lakini hasara ipo, tena kubwa. Katika kundi zima la seli zilizomo ndani ya uvimbe, nani basi anayeisikia TGF-beta?

Kwa nini seli yenyewe haikutosha

Mwaka 1990 Eric Fearon na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, walichora njia ambayo wanafunzi wa udaktari huisoma hadi leo. Seli ya utumbo hupoteza jeni ya APC na kuota kinyama kidogo. Baadaye KRAS hubadilika. Kisha TP53 na nyingine. Mwishowe kinyama kinakuwa saratani. Mchoro huo ni wa kweli, na unaeleza vizuri kwa nini kukata vinyama mapema kunazuia ugonjwa. Ila unaishia pale saratani inapozaliwa. Hausemi inaondokaje.

Mwaka 2008 watafiti wa chuo hichohicho walilinganisha jeni za uvimbe wa utumboni na za uvimbe uliosambaa wa mgonjwa yuleyule. Walikuta tofauti chache mno. Kwa hesabu yao, kinyama kikubwa huchukua miaka kama 17 kufikia saratani iliyokomaa, lakini chini ya miaka miwili tu kutoka hapo hadi kupata uwezo wa kusambaa. Naomba msomaji atulie kidogo kwenye takwimu hizo. Miaka 17 inakwenda katika kukusanya makosa ya jeni moja baada ya jingine, halafu hatua ya mwisho, ile inayoondoa uhai, inapigwa karibu bila kosa lolote jipya. Mabadiliko ya jeni za seli peke yake hayawezi kubeba maelezo yote.

Wazo kwamba mazingira yana neno katika habari hii ni la zamani. Stephen Paget, daktari wa upasuaji wa London, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti na mwaka 1889 akaandika kwamba uvimbe hausambai ovyo: mbegu huchagua udongo. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1986, Harold Dvorak wa Boston alieleza kuwa uvimbe una tabia zilezile za kidonda, ila ni kidonda kisichopona. Wote wawili walinukuliwa sana. Lakini vyombo vya kuipima kauli yao, seli kwa seli, vilikuwa bado.

Majirani wenyewe

Ukikata kipande chembamba cha uvimbe wa utumbo mpana na kukipaka rangi, unaona makundi mawili. Kuna seli za saratani, zilizojipanga kama vishimo vilivyopotoka. Katikati yao kuna tishu unganishi ambayo wataalamu huiita stroma: nyuzi za kolajeni, mishipa ya damu, makrofaji na seli nyingine za kinga, na seli ndefu nyembamba zinazoitwa faibroblasti. Katika utumbo wenye afya faibroblasti hukaa zimevikumbatia vishimo, zikitoa ishara zinazoziambia seli mama ziendelee kuwa mama na zile zinazopanda juu zikomae. Utumbo ukichanika, faibroblasti huamka, hujibana kuvuta kingo za jeraha, humwaga kolajeni mpya, na kazi ikiisha hutulia.

TGF-beta ni miongoni mwa ishara zenye nguvu kuliko zote za kuziamsha. Ikumbukwe kwamba faibroblasti za kwenye uvimbe hazijapoteza kipokezi chao. Jeni zao ni nzima. Zinasikia kila neno.

Jaribio la 2012

Alexandre Calon, Elisa Espinet na wenzao katika maabara ya Batlle walichukua seli za saratani ya utumbo za binadamu ambazo kipokezi chake cha TGF-beta kilikuwa kimeharibika, wakazifanya zitoe TGF-beta kwa wingi, kisha wakaziweka kwa panya. Ubunifu wa jaribio uko hapo: seli iliyochaguliwa haiwezi kujisikia yenyewe. Mabadiliko yoyote yatakayoonekana lazima yapitie kwa jirani.

Mabadiliko yalionekana. Panya waliopewa seli zinazotoa TGF-beta walipata uvimbe mwingi zaidi kwenye ini na mapafu kuliko wale waliopewa seli zilezile bila nyongeza hiyo. Watafiti walipofuatilia, walikuta kwamba faibroblasti zilizopata TGF-beta zinatoa protini nyingine, interlukini-11. Protini hiyo huishika seli ya saratani kupitia kipokezi kinachohitaji sehemu iitwayo GP130, nayo huwasha protini iitwayo STAT3 ndani ya seli. Seli iliyowashwa STAT3 hustahimili. Haifi kirahisi pale inapotua peke yake katika ini lisilo lake, saa zile za mwanzo ambapo seli nyingi zinazosafiri hufa.

Kwa hiyo mazungumzo yanakwenda hivi: seli ya saratani inatoa ishara ambayo yenyewe haiisikii, faibroblasti inaisikia na kujibu kwa ishara nyingine, na jibu hilo seli ya saratani inalisikia vizuri sana. Watafiti walipoipunguza GP130 kwenye seli za saratani, faida ilipotea. Walipowapa panya dawa inayoziba kipokezi cha TGF-beta, ambayo baadaye ilipewa jina galunisertib, uwezo wa kuanzisha uvimbe mpya ulishuka. Na dawa hiyo haikuwa na cha kuziba kwenye seli za saratani. Iliwanyamazisha majirani tu.

Mimi naliona jaribio hili kuwa kiini cha kisa chote. Linaonyesha utegemezi ambao mtu hawezi kuuona akichunguza seli ya saratani peke yake kwenye sahani ya maabara, hata akiichunguza miaka mingapi.

Nani alikuwa akisema

Wakati huohuo kulikuwa na mkanganyiko mwingine, na ndio unaonifanya nikipende kisa hiki, maana unahusu namna ya kupima. Tangu miaka ya 2000 maabara nyingi zilikuwa zikichukua kipande cha uvimbe, kukisaga chote, na kusoma jeni zinazofanya kazi ndani yake. Kwa njia hiyo waligundua aina moja ya saratani ya utumbo mpana yenye matokeo mabaya kuliko nyingine. Jeni zilizokuwa zimepanda katika aina hiyo ni zile za tishu unganishi. Tafsiri iliyokubalika na wengi ilikuwa kwamba seli za saratani zenyewe zimebadilika umbo, zimeacha kushikana na wenzao, zimejifanya kama faibroblasti ili ziweze kutembea. Tafsiri hiyo ilivutia kwa sababu ilikuwa inaeleza kusambaa moja kwa moja.

Lakini ukisaga kipande chote umewachanganya wote. Sauti iliyosomwa ingeweza kuwa ya seli ya saratani iliyobadilika, au ya faibroblasti halisi zilizo nyingi. Kipimo kilichotumika kisingeweza kutofautisha.

Mwaka 2015, katika toleo moja la jarida la Nature Genetics, timu mbili zilijibu kwa njia mbili tofauti.

Barcelona walichukua uvimbe mbichi kutoka kwa wagonjwa, wakautenganisha seli moja moja, wakazichambua kwa alama zilizo juu yake: seli za saratani upande huu, seli za kinga upande ule, seli za mishipa ya damu, na faibroblasti. Halafu wakauliza jeni zinazotabiri kurudi kwa ugonjwa zinatoka kundi lipi. Karibu zote zilitoka kwenye stroma, na hasa kwenye faibroblasti. Walipoziotesha seli za wagonjwa maabara kama vijiumbo vidogo vya utumbo, oganoidi, na kuziweka kwa panya pamoja na faibroblasti, uwezo wa kuanzisha uvimbe uliongezeka. Faibroblasti zikiwa zimeamshwa na TGF-beta, uliongezeka zaidi sana.

Njia ya Torino ilikuwa nyepesi kueleza na, kwa jicho langu, nzuri ajabu. Claudio Isella, Medico na wenzao walikuwa na vipande vya saratani za binadamu vilivyopandikizwa kwa panya. Kipande kikishapandikizwa na kukua, seli za saratani hubaki za binadamu, lakini tishu unganishi ya mgonjwa hufa taratibu na nafasi yake huchukuliwa na ya panya. Jeni za binadamu na za panya hutofautiana kwa herufi za kutosha kuzitenga. Basi kama zile jeni za hatari zilikuwa zikitoka kwenye seli za saratani, zingeendelea kusomeka kama jeni za binadamu. Kama zilikuwa za stroma, zingetoweka kwenye hesabu ya binadamu na kuibuka kwenye hesabu ya panya. Na ndivyo ilivyokuwa: alama ya hatari ilisomeka kwa herufi za panya.

Ushahidi wa namna hii haujibishani na mtu. Haina maana kwamba seli za saratani hazibadiliki umbo kabisa. Zinabadilika, hasa kwenye ukingo wa uvimbe. Ila ile sauti kubwa iliyokuwa ikihesabiwa kuwa yao ilikuwa ya majirani. Timu ya Torino iliongeza jambo ambalo madaktari wa mionzi wanapaswa kulijua: katika saratani ya puru, wingi wa alama hizo za stroma uliambatana na uvimbe kutosikia mionzi.

Mwaka huohuo, Novemba, muungano wa maabara kutoka nchi mbalimbali ulichapisha mgawanyo mmoja uliokubaliwa na wote, kutokana na uvimbe wa wagonjwa 4,151. Waligawa saratani ya utumbo mpana katika aina nne. Ya nne, iliyobeba takriban asilimia 23 ya wagonjwa, ndiyo yenye stroma nyingi, TGF-beta iliyowashwa na mishipa mingi ya damu, na ndiyo yenye maisha mafupi zaidi baada ya matibabu.

Mikono ya faibroblasti

Ishara za kemikali si msaada pekee. Maabara ya Danijela Vignjevic, Institut Curie mjini Paris, ilionyesha mwaka 2017 kwamba faibroblasti kutoka kwenye uvimbe wa wagonjwa wa saratani ya utumbo zinaweza kuuvuta na kuunyoosha utando unaozizuia seli za saratani, hadi utando ukaachia nafasi, nazo seli zikapita. Hazikuhitaji vimeng'enya vya kuuyeyusha. Zilitumia nguvu tu. Na mwaka 2010 watafiti wa Boston walikuwa wamekuta kwa panya kwamba vifungu vya seli za saratani vinavyosafiri kwenye damu kwenda kwenye mapafu wakati mwingine huondoka na faibroblasti zao kutoka nyumbani, na vifungu vyenye faibroblasti huendelea kuishi kuliko visivyo nazo. Mbegu ya Paget, kumbe, inaweza kusafiri na udongo wake.

Seli za kinga zilizofungiwa nje

Msomaji makini atakuwa na swali. Nilisema saratani zenye kasoro ya kurekebisha DNA ndizo zinazoharibu TGFBR2 kwa wingi. Kama kutosikia TGF-beta ni hatari, mbona wagonjwa wa kundi hilo, ambao ni kama asilimia 15 ya wote, huwa na matokeo mazuri zaidi ugonjwa ukiwahiwa? Jibu liko tena nje ya seli ya saratani. Uvimbe wao una makosa mengi ya jeni, hivyo una protini nyingi ngeni, na seli za kinga za mgonjwa ziitwazo seli T huziona na kuingia kwa wingi. Jérôme Galon na wenzake huko Paris walionyesha mwaka 2006 kwamba wingi wa seli T ndani ya uvimbe wa utumbo mpana, na mahali zilipo, hutabiri maisha ya mgonjwa vizuri kuliko hata hatua ya ugonjwa ilivyokuwa ikipimwa. Kundi hilo dogo ndilo pia linalofaidika na dawa za kuamsha kinga.

Kundi kubwa lililobaki halifaidiki nazo. Seli T zipo, lakini zimekwama pembeni, kwenye stroma.

Mwaka 2018 Daniele Tauriello, akiwa maabara ya Batlle, alichapisha kazi iliyounganisha mambo haya. Walitengeneza panya wenye makosa manne ya jeni katika seli mama za utumbo: Apc, Kras, Trp53 na Tgfbr2. Panya hao walikuwa na kinga kamili, tofauti na panya wasio na kinga waliotumika kwenye majaribio mengi ya awali. Walipata saratani inayofanana mno na ya binadamu: stroma nyingi, TGF-beta nyingi, seli T zimezuiliwa nje, na uvimbe unaokwenda kwenye ini. Dawa ya kuamsha kinga ikitolewa peke yake haikufanya kitu cha maana. Galunisertib ilipotolewa mapema, seli T ziliingia na uvimbe mwingi kwenye ini haukuota. Uvimbe wa ini ulipokuwa umeshakua, dawa hizo mbili zikitolewa pamoja ziliponya panya wengi.

TGF-beta basi ina kazi mbili kwa faida ya saratani. Inaziamsha faibroblasti ziilishe ishara za kuishi, na inazinyamazisha seli T zisiifikie. Seli ya saratani imejitoa katika mfumo wa amri hiyo, ikabaki kuitumia dhidi ya wengine wote.

Kuwaua majirani?

Wazo linalokuja haraka ni kuziua faibroblasti na kumaliza biashara. Lilijaribiwa. Mwaka 2003 huko Ujerumani wagonjwa wa saratani ya utumbo iliyosambaa walipewa sibrotuzumab, kingamwili iliyolenga alama ya FAP iliyo juu ya faibroblasti za uvimbe. Ugonjwa uliendelea.

Somo kali zaidi lilitoka kwenye saratani ya kongosho, ambayo ina stroma nyingi kuliko karibu zote. Mwanzoni mwa 2012 jaribio la dawa ya kukata ishara inayoilisha stroma yake lilisimamishwa kwa sababu wagonjwa waliopewa dawa walikuwa wakizidiwa kuliko waliopewa tiba ya kawaida. Miaka miwili baadaye, timu mbili za Marekani, moja Houston na nyingine Philadelphia, zilionyesha kwa panya kwamba ukiondoa faibroblasti au ukizipunguza, saratani ya kongosho inakuwa kali zaidi.

Utumboni hali si tofauti sana. Mwaka 2015 maabara ya Florian Greten, Frankfurt, na ya George Kollias, Athens, zilichapisha kwa wakati mmoja kazi zilizozima jeni ileile, IKK-beta, ndani ya faibroblasti za utumbo wa panya. Frankfurt waliona uvimbe ukiongezeka. Athens waliona ukipungua. Zote mbili ni kazi nzuri. Tofauti ni kwamba hawakuzima jeni hiyo katika kundi moja la faibroblasti, na hilo linatosha kugeuza matokeo. Neno faibroblasti linafunika seli za tabia mbalimbali: zipo zinazoisaidia saratani, zipo zinazoizingira na kuibana, na nyingine hubadilika kulingana na ishara zinazozipata.

Ndiyo maana naona mkondo wa Barcelona, wa kukata mazungumzo badala ya kuua wazungumzaji, ndio wenye akili zaidi. Lakini nao una gharama. TGF-beta inahitajika kila mahali mwilini, ikiwemo kwenye vali za moyo, na dawa za kuiziba zimelazimika kutolewa kwa vipindi vyenye mapumziko kwa kuhofia moyo. Kampuni iliyokuwa ikiitengeneza galunisertib iliacha kuiendeleza mwaka 2020.

Mwaka 2022, hata hivyo, yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo la Marekani lililokuwa limeitumia dawa hiyo pamoja na mionzi na tibakemikali kwa watu 38 wenye saratani ya puru iliyokua bila kusambaa mbali. Kwa 12 kati yao uvimbe ulitoweka kabisa, ama kwa macho ya daktari ama kwa hadubini baada ya upasuaji. Jaribio halikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo halithibitishi. Linakubaliana tu, na kwa namna ya kutia moyo, na kile Torino walichokisema kuhusu stroma na mionzi.

Mwaka huohuo Batlle na wenzake walirudi kwenye swali kutoka upande wa pili. Ikiwa sauti ya stroma ilikuwa kubwa kiasi cha kuzifunika seli za saratani, tukiiondoa sauti hiyo kwenye hesabu, seli za saratani zenyewe zinasema nini? Walikuta kundi dogo la seli lenye alama ya EMP1, linalokaa kwenye ukingo wa uvimbe, pale pale linapogusana na stroma. Kwa panya, hizo ndizo zilizoondoka kwenda kwenye ini na kubaki zimejificha baada ya uvimbe wa utumbo kukatwa. Mwanzoni, zikiwa chache, seli T ziliweza kuzifikia. Zilipokua na kujijengea stroma yao, mlango ulifungwa. Walipotoa tiba ya kinga kabla ya upasuaji, ugonjwa haukurudi kwa wengi wa panya hao. Wakati wa kutoa dawa, kumbe, una uzito kama dawa yenyewe.

Kioo cha hadubini

Kuna sehemu moja ya kisa hiki isiyosubiri dawa mpya. Mwaka 2007 Wilma Mesker na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walichukua vioo vya kawaida vya saratani ya utumbo mpana, wakatafuta ukingo ambapo uvimbe umepenya ndani zaidi, wakakadiria kwa jicho ni asilimia ngapi ya eneo hilo ni stroma. Walichora mstari kwenye nusu. Wagonjwa ambao stroma yao ilizidi asilimia 50 waliishi muda mfupi zaidi, na tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatia hatua ya ugonjwa na hali ya tezi za limfu. Vituo vingine vimerudia kipimo hicho na kupata mwelekeo uleule.

Hakihitaji mashine ya kusoma jeni. Kinahitaji rangi mbili, hematoksilini na eosini, zilezile zinazotumika kila siku Muhimbili, KCMC, Bugando na Kenyatta, hadubini, na mtaalamu aliyefundishwa kulitazama eneo lililo sahihi. Katika nchi zetu mgonjwa mara nyingi huwa ametibiwa bawasiri au amiba kwa miezi kabla mtu hajafikiria kolonoskopi, yaani kuuangalia utumbo mpana kwa kamera, na vipimo vya jeni humfikia mwenye uwezo tu. Kwa mgonjwa wa hatua ya pili, ambaye daktari anasitasita kama ampe tibakemikali baada ya upasuaji au amwache apumzike, asilimia ya stroma ni taarifa ambayo tayari ipo juu ya kioo chake. Ningependa kuiona ikiandikwa kwenye ripoti ya patholojia, mstari mmoja, chini ya hatua ya ugonjwa na idadi ya tezi.